Jinsi ya Kusahihisha Daftari Sabini na Ukalala

Kwanza, nunua saa ya mkono. Si simu. Ukiitazama simu ujue saa, utakuta ujumbe 17 katika kundi la wazazi, na hujamaliza kujibu wa tatu kengele imelia. Saa ya mishale haina kundi la wazazi.

Pili, tupa ile ratiba ya rangi uliyopewa kwenye semina, inayoanza na “kuamka saa kumi alfajiri, kutafakari.” Mwalimu anayeamka saa kumi ili amalize kazi ya jana hajapanga muda, ameiba usingizi wake mwenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Chukua kalamu uandike yote unayoyafanya nje ya saa hizo. Mimi niliandika nikajaza kurasa mbili, nikamwonyesha mwenzangu wa meza ya pili. Akaomba kalamu aongeze yake.

Sasa safari. Nakaa Ruiru, nafundisha Thika, kama kilomita 20 katika barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012. Asubuhi Ruiru nzima inaelekea Nairobi, mimi naelekea upande wa pili, na watu hunionea wivu kwamba sina foleni. Kweli sina. Nina matatu iliyosimama steji, makanga anaita “Thika, Thika, wawili wa haraka!” na nyuma kuna viti vinane vitupu. Usimwamini, na usisahihishe humo ndani. Nilijaribu: gari lilipopita tuta pale Juja, alama ya vema ikawa mkwaju mwekundu uliokata insha ya mtoto kutoka juu hadi chini, na mama yake alikuwa amelifunika daftari lile kwa karatasi ya kaki, akaandika jina kwa mkono mzuri kuliko wangu. Katika matatu soma somo la leo, basi. Ukishuka Makongeni uwe unajua utaanza na neno gani.

Tufike kwenye kusahihisha, maana hapa ndipo usiku wa mwalimu unapoishia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu karibu 240,000 katika mji wa Ruiru. Ya 2019 ikahesabu karibu 490,000. Ghorofa zimeota haraka kuliko madarasa, na watoto wa ghorofa hizo lazima wakae mahali. Chukua darasa la watoto 70. Kipindi cha gredi ya tano ni dakika 35. Ondoa tano za kufuta ubao, kutafuta chaki na kumtuliza aliyenyang’anywa rula, zinabaki 30. Kila mtoto ana sekunde 25 na kidogo za mwalimu wake. Kinachobaki anakitafuta kwenye daftari, ndiyo sababu daftari haliwezi kuwekewa vema moja kubwa na kurudishwa. Mpe kila mmoja dakika mbili: ni dakika 140. Saa mbili na dakika 20, kwa zoezi moja, kwa somo moja.

Hesabu hiyo ukiibeba yote Ijumaa itakuvunja bega. Igawe. Panga daftari mafungu matano ya 14, Jumatatu fungu la mlango, Jumanne fungu la dirisha, na kuendelea. Daftari 14 kwa dakika mbili ni dakika 28. Zinaingia ndani ya kipindi kimoja ambacho huna darasa, na dakika saba zinabaki za chai. Nimefuata mpango huu mihula mitatu, na sijabeba daftari moja nyumbani isipokuwa wiki za mitihani.

Lakini kipindi hicho kina maadui. Tangu Januari 2023, madarasa ya sekondari ya msingi yalipoingia katika viwanja vya shule za msingi, kuna vipindi vya dakika 30, vya 35 na vya 40 chini ya paa moja. Kengele hulia kama ya muuza barafu, na kila ikilia mtu huinua kichwa. Kisha hodi, kiranja anachungulia: “Mwalimu, unaitwa.” Ukiitwa, uliza kwanza unaitwa na nani na kwa jambo gani, ndipo uinuke. Mkutano ukiitishwa “wa dakika kumi tu,” uliza kabla ya kuketi: tunainuka saa ngapi? Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Rekodi ya kazi ijaze ukiwa bado umesimama mbele ya darasa, mistari miwili, kabla hujafuta ubao. Tangu Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipoleta TPAD, tathmini ya utendaji wa walimu, mwaka 2016, kila muhula unafungwa kwa makaratasi, na nimeona walimu hodari wakikesha wakijaribu kukumbuka walifundisha nini wiki ya tatu. Mistari miwili kwa siku inatosha.

Wazazi nao wape saa yao. Yangu ni saa moja hadi saa moja na nusu jioni. Mama mmoja alinipigia saa nne usiku: “Mwalimu, samahani, kazi ya nyumbani ilikuwa ukurasa wa ngapi?” Nikamwambia, “Mama, mwache alale. Kesho nitamwonyesha mwenyewe.” Alishukuru, na nadhani naye alikwenda kulala.

Ila kipindi cha kusahihisha hakiwezi kulindwa na mwalimu peke yake. Walimu wakuu wa Thika na Ruiru, nanyi manaibu mnaochora ratiba wakati wa likizo: mpeni kila mwalimu kisanduku kimoja kwa siku, mkiandike “Kusahihisha” kwa wino uleule mlioandikia Hisabati. Na ndani ya dakika hizo 35, tafadhali, msimtume kiranja.