Jiko la Baba Mdogo

Makande hayana haraka. Mahindi makavu na maharage vikikutana sufuriani, mpishi atakaa jikoni mpaka miguu ife ganzi, na hapa kwetu Same mjini gunia la mkaa lilikuwa linakata kabla ya mwezi kuisha. Kuni za milimani nazo si za kuchezea. Msitu wa Chome, unaopanda hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462, umehifadhiwa, na anayeshuka na magogo huulizwa kayatoa wapi.

Baba mdogo akaja na ufumbuzi. Anashinda kwenye gereji za kando ya barabara kuu iendayo Arusha, na huko alimwona mama ntilie akipikia jiko la oili chafu lenye feni, moto ukinguruma na maharage yakichemka upesi.

"Shemeji," akamwambia mama, "mkakati wa taifa wa nishati safi, ule uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sisi tutangulie."

"Kwa oili chafu?" mama akauliza, na kuendelea kuchambua maharage.

Jiko lenyewe halina siri kubwa. Dumu linatundikwa juu, oili inateremka kwa uzito wake kupitia koki na bomba, inadondokea kwenye kikombe cha chuma. Unakiwasha kwa mafuta ya taa kidogo. Kikishapata moto, oili inageuka mvuke na kuwaka, huku feni ikiupa hewa. Feni ikipuliza vizuri, moshi hauonekani. Ikizembea, masizi yanahamia kwenye dari.

Baba mdogo alilifunga mwenyewe, jikoni ndani, pembeni ya kabati la vyombo. Kutoka kwenye dumu alitumia mpira wa plastiki hadi kwenye jiko lenyewe, koki akaiweka kwa chini, "karibu na mpishi". Umeme wa feni aliuchukua kwenye holda ya taa, waya zikasokotwa, zikazungushiwa nailoni, zikaning'inia sambamba na mpira.

Onyo la kwanza lilikuja na milio. Oili ya gereji huwa na maji, na maji hukaa chini ya dumu, hapohapo mpira unapochota. Tone la maji likigusa chuma chenye moto hugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yenyewe. Ta! Ta! Kanga ya mama ikapata madoa ambayo hayajatoka hadi leo. Baba mdogo akasema jiko linajisafisha.

Onyo la pili lilikuja mbele ya wageni. Walikuwa wameteremka kutoka Mbaga kuleta posa, na makande yalikuwa motoni umeme ulipokatika. Feni ikanyamaza. Tukawasha tochi za simu, maongezi yakaendelea. Oili nayo iliendelea kudondoka, maana haikuwa na habari za umeme. Kikombe kikajaa, kikafurika, moshi mzito ukaanza kutambaa kuelekea sebuleni. Umeme uliporudi, feni ikalipuliza dimbwi lile la moto, mwali ukaruka hadi kwenye dari, na mpira ukalainika na kukatika.

Baba mdogo alinyoosha mkono kufunga koki. Koki ilikuwa ndani ya moto. Mgeni mmoja akanyanyua ndoo ya maji, bibi akamfokea, "Weka chini!" kisha akamwaga mchanga wa ujenzi uliokuwa mlangoni, karai baada ya karai. Sisi wengine tulikuwa bado tunashauriana.

Watu husema Wapare tunapenda kesi. Hii tuliisikiliza hadi usiku wa manane, fundi umeme na fundi wa kuchomelea wakiwa mashahidi. Hukumu ilikuwa ndefu. Jiko likae nje, bandani, lenye dohani, kwa sababu oili iliyotumika hubeba chembe za metali kutoka kwenye injini na moshi wake haufai kuvutwa. Bomba liwe la chuma. Koki kuu ikae kwenye dumu, mbali na moto, mahali mtu anapofika bila kupita mbele ya mwali. Oili iachwe itulie, ichujwe, na ichotwe juu kidogo ya kitako cha dumu. Waya wa feni uwe na njia yake, fyuzi yake na ethi, upite ndani ya paipu, usikaribiane na bomba la mafuta.

Lililochukua muda mrefu zaidi ni la vali. Fundi umeme alitaka vali inayofunguka kwa umeme na kujifunga yenyewe ukikatika, pamoja na swichi ambayo umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu aibonyeze. "Na feni ikikwama huku umeme upo?" bibi akauliza. Majoko ya viwandani, fundi akajibu, yana jicho linaloutazama mwali na kufunga mafuta ukipotea. Letu halina jicho, kwa hiyo mpishi habanduki.

Siku hizi baba mdogo anawafungia wengine, na mama ndiye mkaguzi. Hatazami mwali hata kidogo. Jiko likishachachamaa anazima swichi kuu, anachuchumaa kwenye kikombe na kusubiri. Likidondoka tone, fundi halipwi.