Tuisifu Barua ya "Tunasikitika"

Mwaloni Mwigobero kila kitu kina msifiaji wake. Sangara husifiwa kwa uzito, sato kwa mchuzi, dagaa kwa kumfikia hata asiye na hela, na boti ya kwenda Kinesi husifiwa na kila aliyeshuka akiwa mkavu. Kiumbe kimoja tu hakijapata wa kukisifu hapa Musoma: barua ya kampuni ya bima inayomfikia mjane akiwa bado amefunga kanga ya msiba. Inaanza kwa "Yah: Madai ya Fidia ya Bima ya Maisha", inafuata "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha pole ya mstari mmoja, ambayo kwa kawaida ndiyo sentensi pekee isiyotaja kifungu cha mkataba, halafu "Tunasikitika kukujulisha". Chini kuna mhuri, tarehe na sahihi isiyosomeka. Watu huikunja, huitukana na kuitia chini ya godoro. Mimi naona inaonewa. Kati ya karatasi zote ambazo kampuni humpa mteja wake, kuanzia kipeperushi chenye familia inayocheka hadi stakabadhi ya mwisho ya ada, hii ndiyo ya kwanza kusema waziwazi kampuni inafikiri nini, na ndiyo ambayo mwanasheria ataiomba kabla ya nyingine zote.

Ili kuiona thamani yake, itazame pamoja na ndugu yake mbaya zaidi, ambaye ni ukimya. Madai ya bima ya maisha mara nyingi hayafi kwa kukataliwa. Hufa kwa kuambiwa "njoo wiki ijayo". Faili liko makao makuu, meneja yuko safarini, mfumo uko chini, karatasi moja imepungua, na ikiletwa inagundulika kwamba nyingine nayo imepungua. Ukimya wa namna hii haukatiwi rufaa. Hauna sababu ya kupinga, hauna mtu aliyeutia sahihi, na unakula nauli mpaka familia yenyewe inaona aibu kuuliza tena. Barua ya kukataa huumaliza mchezo huo kwa siku moja. Kampuni imetaja sababu, na sababu iliyoandikwa huwa mzigo kwa aliyeiandika, kwa kuwa akija na nyingine mbele ya hakimu ataulizwa kwa nini hakuisema tangu mwanzo. Hata sheria inaithamini kuliko sisi. Kesi ya mkataba Tanzania Bara ina ukomo wa miaka 6, na tarehe ya barua humsaidia wakili kuonyesha ni lini mkataba ulivunjwa. Ukimya hauna tarehe.

Sifa yake kubwa zaidi imo ndani ya sababu yenyewe. Mama anayenunua dagaa kwa jumla Mwigobero haamini kilichotandazwa juu. Hutia mkono chini ya rundo akasikilizia mchanga. Barua hii nayo isomwe hivyohivyo. Juu imeandikwa kwamba marehemu alificha maradhi, tuseme presha au sukari, na kwamba mkataba wa bima unataka uaminifu wa hali ya juu kabisa. Ni kweli. Lakini kesi ambayo mawakili huitaja kama chimbuko la wajibu huo, Carter dhidi ya Boehm, iliyoamuliwa na Lord Mansfield huko London mwaka 1766, ilimpa ushindi mkata bima. Gavana wa ngome ya Kiingereza huko Sumatra alikuwa amekata bima dhidi ya kutekwa kwa ngome hiyo. Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akalalama kwamba hakuelezwa udhaifu wa ngome hiyo. Mansfield alisema mkata bima hawajibiki kumweleza mtoa bima mambo ambayo huyo tayari anayajua au alipaswa kuyajua. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inakaribiana na wazo hilo: aliyeridhia mkataba kwa sababu ya maelezo ya uongo, au ya ukimya wa hila, hawezi kuukana ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Basi familia iulize. Nani aliijaza fomu, marehemu mwenyewe au wakala aliyekuwa na haraka ya kamisheni, akatia alama ya "hapana" kwenye maswali yote ya afya? Je, wakala alimwona marehemu akimeza vidonge? Kampuni ilimpeleka kupimwa, au iliona inatosha kupokea ada?

Ni haki kusema kwamba kampuni nayo ina hoja. Mtu wa presha akizama ziwani, jamaa zake watasema presha haikuhusika na kifo. Kampuni itajibu kwamba swali si kilichomuua, bali ni hatari iliyokubali kuibeba na bei iliyoipangia siku ya kusaini, na jibu hilo si la kipuuzi. Wapo pia wanaokata bima leo wakijua keshokutwa wanalazwa. Uingereza ililazimika kutunga sheria mwaka 1774 kuwazuia watu kucheza kamari kwa maisha ya wengine kwa jina la bima. Fidia ya uongo huongeza ada ya mvuvi mkweli. Ila hoja hiyo inaipandisha barua, haiishushi: kampuni inayokataa kwa haki haipotezi kitu ikiandika kifungu chake, na familia iliyokosea inaokolewa na gharama ya kesi isiyo na miguu.

Barua hii ni mwalimu pia, tena mkali, kwa kuwa sababu zake nyingi hazihusu uongo wa mtu yeyote. Zinahusu karatasi. Cheti cha kifo kina jina la ubatizo, mkataba una jina la ukoo, kitambulisho cha taifa kina herufi moja zaidi. Mkoani Mara, ambako mtu huitwa jina moja nyumbani, jingine shuleni na jingine mwaloni, kasoro hiyo haimshangazi mtu, na mara nyingi hutibiwa kwa hati ya kiapo. Mnufaika aliyeandikwa huenda alitangulia kufa, na hapo inabidi kupitia Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Katika nyumba ntobhu, ambako mwanamke huoa mwanamke ili mji upate watoto, fomu yenye kisanduku cha "mume/mke" haijui imuweke nani wapi. (Aliyeichora fomu hiyo hajapata kulala Tarime.) Kigumu kuliko vyote ni mvuvi asiyeonekana. Ziwa halitoi cheti. Ng'ambo ya Sirari, sheria ya ushahidi ya Kenya husubiri miaka 7 bila habari za mtu kabla ya kumdhania amekufa. Maelezo ya walioponea mtumbwini, taarifa ya polisi na ya viongozi wa mwalo yanaweza kumpa wakili hoja ya kifo bila kungoja miaka mingi, lakini hakuna atakayejua kuyatafuta mapema kama kampuni haijasema kwa maandishi ni uthibitisho gani unaopungua.

Watauliza: unamsifia mjane barua asiyoweza kuisoma, iliyoandikwa Kiingereza cha ofisini? Lawama hiyo imwendee mwandishi wake, na ni halali kumdai aandike kwa Kiswahili, kwa kuwa kipeperushi cha kuuzia bima kiliandikwa Kiswahili fasaha. Hadi hapo kuna wa kumsomea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawasimami mahakamani kama mawakili lakini wanaweza kueleza barua inasema nini na ipelekwe wapi. Malalamiko hurudishwa kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Yakigonga mwamba yaende TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mwananchi asilazimike kuanzia mahakamani. Kote huko utaulizwa kampuni imejibu nini. Mwenye barua anajibu kwa kuitoa. Asiye nayo anaanza kusimulia, na masimulizi ya mjane aliyechoka hayapigwi mhuri.

Kuhusu wakili, wanaosema atakula fidia yote wana sababu ya kuhofu, hasa fidia ikiwa ndogo. Ndiyo maana barua itangulie kwa msaidizi wa kisheria na kwa Msuluhishi, na wakili atafutwe pale kiasi kinapostahili, huku malipo yake nayo yakiandikwa. Musoma sasa ina masjala yake ya Mahakama Kuu, hivyo anayelazimika kufika huko hafungi tena safari ya Mwanza.

Sifa hizi haziihusu kila karatasi yenye nembo. Ujumbe wa simu usemao "ombi lako halikufanikiwa", ambao wateja wa bima za kubonyeza wanaanza kuuzoea, hauna haki nazo. Haina haki nazo pia barua ya mistari minne inayokataa "kwa mujibu wa vigezo na masharti". Kampuni zenye werevu zimeshajua barua ndefu huziponza, na zinazidi kuandika fupi. Ya namna hiyo irudishwe ilikotoka kwa dispachi, ipokelewe kwa sahihi, ikiwa na swali moja: kifungu kipi?