Namna ya Kuigharikisha Shangani Bila Tone la Maji

Kuigharikisha Shangani ya Mtwara ni kazi ya dakika moja. Pakua faili la vipimo vya usawa wa bahari, usisome maelezo yoyote maana "hayana namba", kisha chora grafu. Pale chombo cha kupimia kilipoharibika, utaona maji yamepanda hadi milimita 9999. Hiyo ni karibu mita kumi, na nyumba zote za ufukweni zimekwenda.

Ile 9999 si maji. Katika mafaili ya kila saa ya Chuo Kikuu cha Hawaii, kinachotunza vipimo vya Zanzibar tangu 1984, maana yake ni kwamba saa hiyo haikupimwa. Mafaili ya CSV ya chuo hicho huandika -32767, na PSMSL, hifadhi ya vipimo vya usawa wa bahari iliyoko Liverpool, huandika -99999. Hasara ya kuipuuza si ndogo. Chukua siku yenye wastani wa milimita 2000, uache 9999 moja tu ipenye kati ya saa 24: wastani unaruka sentimita 33. Bahari za dunia zimepanda takriban sentimita 20 tangu 1900!

Ukitaka kuharibu zaidi, puuza neno GMT kwenye mstari wa kwanza wa faili hilo la kila saa. Tuseme faili linaonyesha maji yamekupwa kabisa 06:00. Kwetu hiyo ni saa tatu asubuhi. Asiyesoma kichwa cha faili atamwambia mama anayetafuta pweza afike saa kumi na mbili alfajiri, naye atakuta maji yamekupwa nusu tu. Mwingine ataiona hiyo sita, aseme saa sita mchana. Mama atafika maji yakiwa yamesharudi nusu, na pweza wamefunikwa.

Mtego mwingine uko kwenye vizio. Faili la vimbunga la IBTrACS lina vichwa viwili: mstari wa kwanza ni majina ya safu, wa pili ni vizio. Huo wa pili huifanya programu idhani safu ya upepo ni maneno, basi watu huufuta kwa hasira, na pamoja nao hupotea habari kwamba upepo umeandikwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kimbunga Kenneth, kilichoipiga Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, kilifikia noti 115. Hizo ni kama kilomita 213 kwa saa. Aliyefuta ataandika kilomita 115, na watu wa Msimbati, upande wetu wa mto, wataambiwa upepo ulikuwa karibu nusu tu ya ulivyokuwa kweli.

Sasa fanya hivi. Fungua faili kwa macho yako kwanza, usome mistari ishirini ya juu kabla ya kuandika amri yoyote. Mistari inayoanza na alama ya reli, iambie pandas ya Python iiruke kwa comment="#", lakini jihadhari: amri hiyo hukata pia kila kinachofuata reli katikati ya mstari, hivyo kituo kilichoitwa "Boya #3" kitapoteza vipimo vyake. Kwenye lugha ya R, read.table huruka reli yenyewe, ila read.csv hairuki mpaka uiambie. Alama ya pengo, kama ile 9999, itaje wazi kwa na_values ya pandas. Mstari wa vizio urukwe wakati wa kusoma, usifutwe.

Na ukimtumia mwenzako faili hilo, tafadhali mpe na kichwa chake.