Eti Kiti Kipana ni cha Wazee

Mfyuu! Eti kiti kipana chenye springi ni cha wazee, cha kijana ni kile chembamba cha baiskeli ya mashindano. Nani kawadanganya hapa Awendo?

Omera, ukiendesha baiskeli ya Black Mamba mgongo unakaa wima. Uzito wote unashukia mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia benchi la mbao. Kiti lazima kiibebe yote miwili. Mwenye kushindana ameinama, mikono inamsaidia kubeba mwili, nyonga imelalia mbele. Kwake wembamba unayapa mapaja nafasi yasichubuke. Sasa wewe unachukua kiti chake, unapakia gunia la mahindi kwenye keria, halafu unakaa wima kama chifu barazani? Mifupa inakosa pa kutua, unakalia mishipa. Ukifika Ndhiwa huko chini kumekufa ganzi, na kumwambia daktari unaona haya.

Marekani waliwapima polisi wao wa baiskeli. Mwaka 2008 watafiti wa NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, wakaripoti kwamba waliopewa viti visivyo na pua, ganzi iliwapungua. Polisi, ati!

Na usiniletee habari ya sponji. Ikiwa laini mno inabonyea chini ya mifupa, inafura katikati, pale pale pabaya. Ile ngozi ya kuwambwa ambayo Brooks wa Birmingham aliiombea hataza mwaka 1882 ilikuwa ngumu mwanzoni, lakini ilijifinyanga polepole ikamjua mwenyewe.

Kinachonichoma roho ni Homa Bay. Enzi zile za boda boda za baiskeli, kabla serikali haijaondoa VAT ya pikipiki ndogo mwaka 2008, abiria alishonewa mto mnene pale nyuma. Kiti cha dereva je? Kimechanika, kimefungwa mfuko wa nailoni! Abiria ndiye mwenye pesa, sawa, lakini yeye anashuka sokoni. Wewe unakaa hapo kutwa.

Fundi naye mchunge. Pua ya kiti iwe sawa na barabara. Ikiinuka inakudunga, ikiinama unateleza mbele, viganja vinabeba mwili mzima na jioni unalaumu jembe.

Haya, wewe mwenye chembamba, keti basi tuongee. Benchi lina nafasi. Mbona umesimama?