Heko kwa Fomu ya Ruzuku

Katika dunia ya sanaa hakuna kinachochukiwa kuliko fomu ya kuombea ruzuku. Mwalimu wa sarakasi huikwepa, kiongozi wa kikundi cha ngoma huiota vibaya, na mkurugenzi wa tamasha huifungua siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa, huku akimlaani aliyebuni kisanduku kinachotaka historia ya miaka kumi ya watu arobaini ielezwe kwa maneno 150. Hata ofisa miradi wa mfuko, ambaye mshahara wake unatokana na kuisoma, huisema vibaya akishainuka mezani. Mshtakiwa aliyeonewa kiasi hiki anahitaji wakili, na kwa kuwa wenye ufasaha wote wana shughuli ya kuijaza, utetezi umeniangukia mimi. Dai langu ni moja: tangu msanii aanze kula kwa mkono wa mwenye nacho, hajapata mlezi mwenye adabu kuliko fomu hii, na ndiyo maana hata wanaoikimbia huishia kuibishia hodi.

Walezi waliotangulia tunawafahamu. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, anatajwa katika masimulizi ya taarab kuwa ndiye aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze muziki wao. Ulikuwa ufadhili wa maana, na matunda yake yanasikika hadi leo. Lakini hapakuwa na tangazo, wala vigezo, wala jopo. Palikuwa na sikio moja, la Sultani, na kijana wa mtaa wa Ng'ambo ambaye ngoma yake haikufika kwenye sikio hilo hakuwa na pa kukata rufaa. Baadaye ulezi ukahamia kwa hadhira. Katika taarab mwenye noti huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani, humtunza mwimbaji, na papo hapo ubeti uliokuwa wa watu wote unakuwa kombora lake dhidi ya mtu aliyekaa safu ya tatu. Kinshasa wameipeleka biashara hiyo mbali zaidi: mwimbaji wa dansi hukatiza mapenzi ili ataje majina ya watu waliotoa chochote, jambo ambalo wenyewe huliita kutupa jiwe, na zipo nyimbo ambazo msikilizaji huzimaliza akiwafahamu wafanyabiashara wengi kuliko anavyomfahamu huyo mpenzi anayeliliwa. Sasa itazame fomu. Haina mke mwenza wa kusutwa, haigombei ubunge, haiombi kutajwa kwenye kiitikio. Nakubali kwamba inataka nembo ya mfuko iwekwe kwenye bango, tena kwa ukubwa uliopangwa. Ila nembo hukaa kimya pembeni ya jukwaa, na haijapata kudai ubeti.

Nasaba yake nayo si ya kubezwa. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alipoamua kugawa maktaba, maombi yalimiminika, na kazi ya kuyasoma ikawa ya katibu wake, James Bertram, mtu asiyependa maneno mengi. Mji ukiandika barua ya kujisifu, Bertram aliujibu kwa karatasi ya maswali: mna wakazi wangapi, kiwanja kipo, mtatenga kiasi gani kila mwaka? Sharti lilikuwa mji utoe kiwanja na uahidi kuiendesha maktaba, kila mwaka, kwa asilimia 10 ya fedha zilizotolewa. Kwa njia hiyo kavu zilipatikana maktaba 2,509 katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Na miji ilipoanza kumalizia fedha kwenye kuba na nguzo badala ya rafu za vitabu, Bertram alitoa kijitabu mwaka 1911 kueleza jengo la maktaba linapaswa kuwaje. Moyo mkunjufu ungejenga kuba. Karatasi ya maswali ilijenga rafu.

Fomu tunayoijua leo ilibaleghe mwaka 1969, tena mara mbili. Mwaka huo Leon Rosenberg alibuni bango kitita kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, lile jedwali la malengo, viashiria, njia za uthibitisho na mambo yanayodhaniwa. Na Desemba ya mwaka huo huo Rais Nixon alitia saini sheria ya kodi iliyoyabana mashirika ya hisani ya matajiri, baada ya mbunge Wright Patman wa Texas kuyachunguza kwa miaka kadhaa, na baada ya Ford Foundation kuzua kelele kwa kuwapa fedha wasaidizi wa Seneta Robert Kennedy, aliyeuawa mwaka 1968. Sheria hiyo iliilazimisha mifuko kutoa sehemu ya mali yake kila mwaka, siku hizi kama asilimia 5, kwa hiyo fomu, hata ikijisikia vipi, haina uhuru wa kumkataa kila mtu. Iliagiza pia kwamba mfuko binafsi unaopeleka fedha kwa kikundi cha nje uthibitishe kuwa kikundi hicho kinalingana na taasisi za hisani za Marekani, au sivyo ukichunguze kwanza, uandikiane nacho mkataba na udai ripoti. Basi kikundi cha Bagamoyo kinapoulizwa kuhusu katiba yake na akaunti yake ya benki, kinalipia, zaidi ya miaka hamsini baadaye, mashaka ya wabunge wa Washington juu ya matajiri wao wenyewe. Wengine wataita huo uonevu. Mimi naona heshima: si kila ngoma ya pwani inafuatiliwa na mamlaka ya kodi ya Marekani.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Chukua vijana wa Tandale wanaopiga singeli, muziki unaoweza kupita midundo 200 kwa dakika. Kabla ya fomu walikuwa vijana wanaopiga singeli. Wakiifungua wanagundua kwamba wao ni kundi lililo katika mazingira hatarishi, kwamba mazoezi yao ya Jumamosi ni afua, kwamba spika iliyoungua ni pengo la rasilimali, na kwamba shangazi anayewapikia ni mdau. Kisanduku cha uendelevu kinawauliza watafanya nini fedha zikiisha, swali ambalo wamelijibu kwa vitendo maisha yao yote, kwa kuwa fedha hazijawahi kuanza. Kisanduku cha vihatarishi kinataka wataje jambo linaloweza kuukwamisha mradi, nao kwa busara hawamtaji mwenye nyumba. Wanataja mabadiliko ya tabianchi. Huo ni utanzu kamili wa fasihi: una wahusika, mgogoro, mabadiliko ya tabia, na mwisho mwema uliopangwa kutokea robo ya nne ya mwaka. Waandishi wake hukesha, maana dirisha linalofungwa saa sita usiku New York hufungwa saa moja au saa mbili asubuhi Dar es Salaam, kutegemea majira ya kwao.

Hata hivyo ualimu huo una upande usio wa mzaha. Vikundi vingi vya vijana havifi kwa kukosa vipaji. Vinakufa siku ya kwanza ya kugawana malipo. Fomu huuliza kabla shilingi haijaonekana: nani mweka hazina, fundi mitambo analipwa kiasi gani, nani atatia saini hundi pamoja na mwenyekiti. Mifuko inayohudumia watoto na vijana huuliza pia kuhusu sera ya ulinzi wa mtoto: nani anabaki na watoto baada ya mazoezi, wasichana wanarudije nyumbani giza likiingia, mtoto akiguswa vibaya atamwambia nani. Sultani hakuuliza hayo. Mwenye noti za kutunza hajawahi kuyauliza. Hapo naweza kuvua joho la mzaha kabisa na nisibadilishe neno.

Atainuka mtu aseme kwamba singeli haikuzaliwa kwa fomu. Ilitoka kwenye sherehe za vigodoro vya uswahilini, kama Bongo Fleva ilivyokua miaka ya 1990 bila jopo la kuipitisha. Ni kweli, na hoja ni nzito. Fomu haijawahi kuzaa muziki hata mmoja, na ikijaribu huzaa wimbo wa kuhimiza kunawa mikono. Lakini tuulize waliolipa ni akina nani. Alilipa mwenye harusi, akalipa mwenye ukumbi, na msimu wa uchaguzi ukifika akalipa mwenye kampeni, na mwimbaji aliyelipwa usiku huo hakuwa na nafasi ya kumwimba vibaya mlipaji. Tena soko hulipia sauti iliyokwisha kupendwa. Mtoto anayekwaruza fidla kwa mwaka wa kwanza halimjui. Dhow Countries Music Academy, chuo kinachofundisha taarab na miziki mingine ya pwani mjini Zanzibar tangu 2002, mwaka 2019 kilikuwa hatarini kufungwa kwa ukata. Sauti za Busara, tamasha linalofahamika bara zima, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu hiyo hiyo. Mapenzi ya watu hayakukosekana katika yote mawili. Mapenzi ya watu hayalipi pango la jengo.

Pingamizi jingine silivunji, nalipunguza makali tu. Fomu mara nyingi huja kwa Kiingereza, ikidai cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa, na gharama ya mkaguzi inaweza kuikaribia ruzuku ndogo yenyewe. Hapo haipimi tena ngoma. Inapima nani ana binamu aliyesoma chuo kikuu. Na muda unaoteketea si mdogo. Watafiti wa Australia walikadiria kwamba maombi 3,727 ya fedha za utafiti wa afya ya mwaka 2012 yaliwala waandishi wake miaka 550 ya kazi, ilhali takriban maombi manne kati ya matano yalikataliwa. Kama wakili ningeweza kusema kwamba hiyo ni ajira. Nisiwe mchoyo wa ukweli: ni hasara, na anayestahili lawama ni mfuko unaodai karatasi zile zile kwa shilingi milioni tano na kwa milioni mia tano, unaoomba andiko lote wakati kurasa mbili za dokezo zingetosha kumwambia mtu mapema kwamba asijisumbue, na unaokataa kusoma Kiswahili katika nchi ambayo watoto unaotaka kuwasaidia wanaimba kwa Kiswahili. Fomu haikujiandika. Ukiona fomu ya kurasa arobaini, tafuta kamati.

Kisha kuna pigo ambalo wapinzani hulihifadhi mwisho: kwamba baada ya jasho lote hilo wasomaji hawakubaliani. Ombi hupita kwa karani anayehakiki viambatisho, likaenda kwa wasomaji wawili watatu wanaotoa alama, likaingia kwenye jopo, likapanda kwenye bodi, na kila ngazi inajiona inapima kitu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwapa wasomaji 43 maombi 25 ya utafiti wa saratani, na ukakuta kwamba alama ambazo wasomaji wawili waliupa mradi mmoja hazikufanana zaidi kuliko alama zilizotolewa kwa miradi tofauti. Kama ndivyo ilivyo kwenye saratani, yenye vipimo na takwimu, itakuwaje kwenye tamthilia ya vijana? Nafurahi kuulizwa, kwa kuwa hapa mteja wangu anatoka mahakamani bila doa. Fomu ilisema maneno yale yale kwa wote. Waliotofautiana ni binadamu. Volkswagen Foundation ya Ujerumani ililiona hilo, na mwaka 2017 ikaanza kujaribu bahati nasibu katika mpango wake mmoja: maombi yaliyopita mchujo wa jopo yaliingizwa kwenye kura. Jopo likapunguziwa mamlaka yake. Fomu haikupunguziwa lolote, kwani hakuna aliyeingia kwenye kura bila kuijaza.

Ushahidi wa mwisho ni MacKenzie Scott, mke wa zamani wa mwanzilishi wa Amazon. Huyu alisifiwa duniani kote kwa kutoa mabilioni ya dola bila fomu: taasisi ilipigiwa simu, ikaambiwa fedha zinakuja, ikaachiwa izitumie ipendavyo. Maadui wa fomu walimfanya nabii wao. Wachache waligusia kwamba njia hiyo, pamoja na uzuri wake, ilirudisha lile sikio moja la zamani. Asiyefahamika kwa washauri wa mama huyo hakuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 2023 yeye mwenyewe akafungua mlango: akatangaza maombi ya wazi kwa taasisi za Marekani zenye bajeti kati ya dola milioni moja na milioni tano, waombaji wakisomeana maandiko wao kwa wao kabla ya jopo la wataalamu kuyaona. Aliahidi ruzuku 250 za dola milioni moja kila moja. Yalikuja maombi 6,353. Alipoona kilichofika mezani, mwezi Machi 2024 akatoa ruzuku 361, nyingi za dola milioni mbili, jumla dola milioni 640, kwa taasisi alizozijua kwa sababu zilijaza fomu. Waliobaki, 5,992, hawakupata senti. Walibaki na andiko lililokamilika, lenye bajeti iliyojumlishwa na viashiria vilivyopangwa, ambalo kwa kubadili jina la mfuko, tarehe na nembo linaweza kupelekwa kwingine Jumatatu ijayo.