Watazamaji kwa Mujibu wa Sheria

Jimbo la Maine, kama majimbo mengine ya Marekani, halina mzaha na basi la shule. Likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari ya pande zote mbili za barabara husimama, na hakuna ruhusa ya kusogea hata inchi moja mpaka taa zizimwe. Sheria nzuri. Nilikuwa naiunga mkono hadi juzi alasiri, basi hilo la njano lilipofunga breki mbele ya njia ya kuingilia kwangu na kunikuta juu ya kitrekta kilichojichimbia mashimo mawili kikazama humo, huku nyuma yake reki mpya imeikumbatia nguzo ya sanduku la barua kwa meno yake yote.

Mtoto wa kwanza kushuka alikuwa binti yangu. Alinitazama, akaitazama nguzo, akageuka na kushika njia ya kwenda kwa jirani kana kwamba ndiko anakolala. Dereva, mama wa makamo anayefuata utaratibu, alikataa kuzima taa: hazizimwi mpaka mtoto awe amefika mahali salama, na mahali salama ndipo mimi nilipokuwa nimepaziba. Foleni ikakua. Likaja lori la mafuta ya kupashia nyumba joto, ikaja pikapu ya kijana mmoja aliyeteremsha kioo asije akakosa neno, na nyuma yao likaja gari la posta. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kuharibu sanduku la barua kwa makusudi ni kosa chini ya sheria ya serikali kuu, na mama wa posta alikuwa akishuhudia kwa macho yake sanduku likiinama kila nilipokanyaga pedali. Nikaacha kukanyaga. Nikapunga mkono. Wote wakanipungia. Watu wa huku wana adabu sana mwenzao akiwa kwenye msiba.

Chanzo cha yote ni theluji. Msimu mzima wa baridi linakuja gari la kusukuma theluji, linasafisha njia yangu, na pamoja na theluji linasukuma changarawe niliyoinunua kwa fedha halali na kuimwaga kwenye nyasi. Theluji huyeyuka ikaenda zake. Changarawe hubaki humo humo kwenye nyasi, kila kipande kikingojea mashine ya kukatia nyasi ipite ili kiruke kikatafute kioo cha dirisha. Halafu ardhi yenyewe huku huzaa mawe. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka na kuliinua jiwe. Yakiyeyuka, udongo laini huwahi kujaza nafasi chini yake kabla halijashuka, basi kila mwaka jiwe hupanda kidogo mpaka siku moja unalikuta linachungulia. Zile kuta ndefu za mawe zinazokatiza misitu ya New England zilijengwa na wakulima ambao kila majira ya kuchipua walivuna mawe kwanza, ndipo wakapanda.

Kwa hiyo nilihitaji reki ya kufungwa nyuma ya trekta, na naomba nivumiliwe nikiieleza, kwa sababu ni kifaa cha ajabu. Ni boriti ya chuma, yangu ina futi nne, na chini yake umepangwa msururu wa meno ya chuma cha springi yaliyopindwa kwa mbele. Kila jino linajitegemea. Likikutana na mzizi linarudi nyuma peke yake, linaupita, kisha linachomoka na kurejea mahali pake bila kuwasumbua wenzake. Udongo mwembamba hupenya katikati ya meno. Mawe, vijiti na mabonge hunaswa kwenye ule mpindo na kubingirika mbele. Ukiifunga reki mkingamo kabisa nyuma ya trekta, inakusanya. Ukiilaza upande, kila inachokamata kinateleza kuelekea pembeni na kuachwa kama tuta refu, na hivyo ndivyo changarawe inavyorudishwa barabarani, pito baada ya pito. Ukiigeuza nyuma mbele, mgongo wa meno unasawazisha udongo kwa upole, tayari kwa mbegu.

Na kuna hesabu yake. Reki ya inchi 48 ikilazwa nyuzi 30 haifagii tena inchi 48. Inafagia pungufu ya 42. Kama matairi yako ya nyuma yametanuka kuliko hapo, basi tairi moja litakanyaga pembeni mwa ulipofagia na kuacha alama kwenye kazi yako yote. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kwa kosaini, somo nililoyaapia madaftari yangu ya sekondari kwamba sitalitumia tena maishani. Nilijua unene wa meno. Nilijua upana. Usiku nilikuwa nikimsomea mke wangu sifa za vyuma mbalimbali mpaka akahamia chumba cha watoto.

Lakini reki haina akili. Akili iko kwenye kiungo chake na trekta, na kiungo hicho kina historia ambayo ingefaa kufundishwa shuleni. Zamani jembe lilikokotwa tu nyuma kama mkokoteni. Likigonga mwamba likakwama, nguvu yote ya injini ilikosa pa kwenda, pua ya trekta ikainuka, na trekta likampindukia dereva kwa nyuma. Wakulima walikufa hivyo. Fundi mmoja wa Ireland, Harry Ferguson, ambaye mwaka 1909 alikuwa ameshajitengenezea ndege na kuirusha, alitafakari akaja na mikono mitatu: miwili chini ya kuvuta, mmoja juu katikati. Jembe likikwama, ule mkono wa juu unasukumwa mbele, na pua ya trekta, badala ya kuinuka, inakandamizwa chini. Juu ya hayo, haidroliki inakinyanyua kifaa chote ukiwa umekaa kwenye kiti. Mwaka 1938 alivuka bahari, akamwonyesha Henry Ford, wazee wakapeana mkono bila mkataba wowote, na mwaka uliofuata trekta likatoka kiwandani. Kisha kampuni ya Ford ikashikwa na mjukuu wake, urafiki ukaisha, wakaburuzana mahakamani, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Kwa kupeana mkono! Mimi nilisaini karatasi dukani hadi kalamu ikaisha wino, nikaambulia tundu la pini.

Maana kitrekta changu hakina mikono mitatu. Hakina hata mmoja. Kina bamba la chuma nyuma, na katika bamba hilo tundu, na katika tundu hilo unachomeka pini. Reki ya tundu la pini inakokotwa kwa magurudumu yake madogo, na ili kuinua meno lazima usimame, ushuke, uende nyuma, uvute wenzo kwa mkono. Sasa fikiria imefungwa mkingamo, imeshajaza changarawe ya nusu njia, matairi ya nyuma yanazunguka bure kwa kuwa kitrekta ni chepesi kuliko mzigo, na kila mzunguko unachimba. Ukikanyaga kwenda mbele unazama. Ukirudi nyuma, kitu kilichoshikwa kwa pini moja hakirudi, kinajikunja upande. Upande huo mimi nilikuwa na sanduku la barua.

Yanauzwa matrekta mawili, msomaji wangu, na yamesimama bega kwa bega dukani. Rangi moja, usukani mmoja, kiti kile kile chenye pahala pa kuwekea kikombe. Moja ni la kukatia nyasi, jingine ni la bustani, na tofauti yao imefichwa chini ya makalio ya dereva: giaboksi na ekseli ya nyuma. La bustani limeundwa kukokota vitu vinavyong'ang'ania ardhi. La nyasi limeundwa kukokota kigari cha majani makavu, na mara nyingi giaboksi yake imezibwa kabisa, haina hata nati ya kumwagia mafuta machafu; ikifa unazika. Habari hiyo haikuandikwa kwenye kibao cha bei. Imeandikwa ndani ya kijitabu, karibu na mwisho, baada ya maonyo ya kutombeba mtoto mapajani, kwamba ukifunga kifaa cha kuchimba ardhi umeipoteza dhamana. Na kijitabu unapewa ukishalipa. Reki nayo, kwenye boksi lake, ilikuwa na picha ya trekta linalofanana na langu kama pacha.

Ningeuliza, mtanena. Nilikwenda nimeandika maswali kwenye karatasi, na la kwanza lilikuwa hilo hilo la ekseli. Yule muuzaji, kijana mwenye tabasamu zuri, aliniwahi: bosi wangu ana ekari ngapi? Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia polepole, akinyoosha kila neno, na kunishauri kwamba mambo kama haya ni heri mwenye nyumba aje mwenyewe achague. Nilikuwa nimevaa shati la kola. Hati ya nyumba ina jina langu. Karatasi ya maswali niliirudisha mfukoni, kwa sababu ukishapokewa namna hiyo, kila unachouliza kinageuka ushahidi kwamba kweli wewe si mwenye nyumba. Mteja aliyekuwa kabla yangu aliuliza kama trekta linaweza kuendeshwa juu ya barafu la ziwani, na akajibiwa kwa heshima zote, akapewa na kahawa. Kutojua kwake kulikuwa ni udadisi tu. Kwangu mimi kungekuwa kitambulisho. Nikaonyesha kidole reki niliyoipenda, nikalipa taslimu, nikasema bosi ameshaamua.

Nyumbani nilijaribu pia kuilaza reki upande, ikavuta kitrekta chote pembeni hadi kwenye mtaro. Niliweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma; mmoja ulipasuka na reki ikaukusanya mchanga wote kwa uaminifu. Jino moja liliingia kwenye tairi likapinda.

Kuhusu njia, jirani yangu mzee alikuja na trekta lake lenye mikono yote mitatu, akashusha reki yake, akamaliza njia yangu nzima kabla chai niliyomchemshia haijapoa, na wala hakusema neno. Afadhali angesema. Aliyesema ni mjomba, maana binti yangu, akiwa salama barazani kwa jirani, alikuwa amerekodi kila kitu na kukirusha kwenye kundi la ukoo. Mjomba anaishi Kongwa, Tanzania. Alituma sauti ndefu, jogoo wakiwika nyuma yake: kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuja hapo hapo Kongwa kulima karanga, wakaleta hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, ardhi ikawasaga meno ya mashine zao, na mwaka 1951 walikuwa wameshafungasha. "Serikali nzima ya mfalme, mwanangu. Wewe na hicho kiti cha magurudumu ulitegemea nini?" Shangazi zangu wakaweka vicheko chini yake, mstari mzima.

Jumamosi niliipakia reki kwenye gari nikairudisha. Waliihesabu meno. Wakakata asilimia 15, gharama ya kuirudisha rafuni, na lile jino lililopinda wakalikata kivyake. Kijana yule yule ndiye aliyenipokea, na tabasamu lile lile.

"Mwenye nyumba hakuridhika?"

"Hakuridhika hata kidogo," nikamwambia. "Mkorofi ajabu. Na mshahara hanilipi."

Alinipa pole kwa dhati, akanishauri nitafute bosi mwingine.