Mzima wa Afya, Bubu wa Sauti

Mtu mwongo unaweza kumkazia macho mpaka ajikanyage. Laptopu utaikazia nini? Yangu imekuwa bubu tangu masika, lakini ukiingia kwenye orodha ya vifaa vyake ukabonyeza kadi ya sauti, inakujibu kwa Kizungu cha upole kwamba kifaa hiki kinafanya kazi vizuri. Vizuri wapi? Naweka taarabu, kimya. Naweka taarifa ya habari, mtangazaji anafumbua na kufumba mdomo kama perege aliyetolewa majini. Navuta sauti mpaka mia, nayo bila ubishi inapanda mpaka mia. Kimya cha asilimia mia.

Kompyuta za zamani zilikuwa na adabu. IBM PC ya mwaka 1981 haikujidai. Ilikuwa na kispika cha kupiga "piip", basi. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta Sound Blaster, kadi ya kuchomeka mwenyewe ndani ya boksi, na michezo ya wakati ule ilikuuliza waziwazi: kadi yako iko anwani gani, 220 au 240? IRQ namba ngapi? Ukijibu ovyo, husikii kitu, lakini angalau umeulizwa.

Siku hizi sauti ni chipu ndogo iliyogandishwa kwenye ubao mama, inafuata utaratibu uliotolewa na Intel mwaka 2004. Chipu ile ile moja, kila mtengenezaji wa laptopu anaifungia nyaya anavyotaka: huyu spika kaziweka mguu huu, yule mguu ule. Draiva ndiyo inayotakiwa kujua sauti iende mguu gani. Draiva ya jumla, ile inayokuja na mfumo endeshi, inaweza kuipeleka kwenye mguu usiofungwa chochote. Chipu imeitika, draiva imeridhika, ripoti imeandikwa: kazi nzuri. Hakuna anayekwenda kuangalia kama kuna spika mwisho wa safari. (Nimewahi kuona barabara za mtaa zikizinduliwa hivyo hivyo.)

Kwa hiyo inatakiwa draiva ya mtengenezaji mwenyewe. Nimeitafuta. Ipo, ila ni ya mfumo uliotoka mwaka 2009, na mfumo huo uliacha kupewa matengenezo Januari 2020. Ukiilazimisha kwenye mfumo mpya, inajaza mstari mpaka mwisho, inakuomba uzime na kuwasha, halafu inakupa pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Mshangao ni wangu, wao wameweka wa nini?

Ukichimba zaidi unakuta namba za utambulisho. Kila kampuni ya chipu ina yake. Intel wao ni 8086, jina la prosesa yao ya mwaka 1978, maana wenye nacho hata namba wanachagua. Ukiitafuta namba ya chipu yako mtandaoni, unafikishwa penye vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua. Draiva haiko chini ya hata kimoja. Kilichopo ni programu inayojitolea kukupima laptopu bure, ikagundua kwamba hata draiva ya kibodi imezeeka, na tiba yake inalipiwa kwa kadi ya benki. Bando limeisha, na bado taarabu sijaisikia.

Nikampelekea fundi. Hata kuigusa hakuigusa. "Mzee, hapa dawa ni kufomati." Kwa fundi yule kila ugonjwa dawa yake ni hiyo. Chai imemwagika kwenye kibodi, fomati. Bawaba imevunjika, fomati. Nikaibeba nikaondoka kabla hajaanza kunifomati mimi.

Haya yote ningeyavumilia kama si kamati ya harusi. Binti wa kaka yangu anaolewa, na kwa kuwa wanakamati wametapakaa, Mwanza, Arusha, mmoja yuko Muscat, vikao ni vya mtandaoni. Mtasema si ungetumia simu. Simu ndiyo iliyokuwa inatoa intaneti, iko chumba cha pili kwenye chaja, betri yake nayo ni ya kuombea dua. Basi nikakaa na sura zao. Mwenyekiti akacheka, nikacheka. Wote wakatikisa vichwa, nikatikisa. Kesho yake orodha ikatoka: jina langu, laki tano, pamoja na gari la kubeba wazee.

Mpwa wangu wa chuo alikuja na flashi yenye Linux, akaiwasha laptopu kutokea humo humo. Akafungua alsamixer, dirisha jeusi lenye nguzo za rangi, na chini ya nguzo ya spika kumeandikwa MM. "Mjomba, hiyo maana yake imezibwa." Akabonyeza M mara moja, spika zikalia. Nilitaka kumbusu. Tatizo ni kwamba hesabu za VICOBA za mama watoto ziko kwenye mfumo uliomo ndani ya laptopu, na ukiligusa lile faili, utahama wewe badala ya hesabu.

Mwishowe nikanunua Kariakoo kidude cha sauti cha kuchomeka kwenye USB, bei ya sahani ya pilau. Hakikuuliza draiva, kwa sababu vifaa vya sauti vya USB vina utaratibu wao wa pamoja tangu mwaka 1998 na mfumo unakuja nao tayari. Nikachomeka, nikavaa hedifoni, nikaingia kikaoni. Ukiacha ile ya Linux, sauti ya kwanza kuisikia kwenye laptopu ile tangu masika ilikuwa ya mweka hazina:

"Baba mdogo, afadhali umeingia. Ile laki tano tuliiandika ya mwezi huu. Na lile gari, mafuta ni ya kamati au ni juu yako?"